Kabla hujauliza mionzi ni shilingi ngapi, uliza ni siku ngapi

Daktari akisema baba yako, mjomba wako au mumeo anahitaji tiba ya mionzi kwa ajili ya saratani ya tezi dume, swali la kwanza la familia huwa moja: ni shilingi ngapi? Ni swali la haki. Lakini leo naomba nikushawishi utangulize jingine: ni siku ngapi?

Kwa mtu anayeishi Upanga au Kariakoo, swali hilo halina uzito mkubwa. Anaamka, anapanda daladala hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, anapata dozi yake, na mchana yuko nyumbani kwake. Kwa mtu wa Newala mjini, Kitangari au Lulindi mambo ni tofauti. Mikoa ya Lindi na Mtwara haina mashine ya mionzi. Mgonjwa wa huko huteremka kutoka uwanda wa Makonde, akasafiri zaidi ya kilomita 500 hadi Dar es Salaam, na akifika analazimika kukaa huko mpaka tiba iishe, kwa sababu mionzi hutolewa kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa. Kila siku inayoongezwa kwenye ratiba yake ni siku ya gesti, siku ya chakula cha kununua, na siku ya shamba lisilo na mwenyewe.

Hoja yangu ni hii. Kwa mgonjwa wa Masasi na Newala, idadi ya siku ni sehemu ya tiba kama ilivyo dozi. Utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba kwa wagonjwa wengi wa tezi dume siku hizo zinaweza kupunguzwa sana bila kupunguza nafasi ya kupona. Familia inapaswa kulijua hilo, na sisi watoa huduma tunapaswa kulifanyia kazi.

Anayekataa amepiga hesabu

Nimewasikia wenzangu wakilalamika kwamba wazee wa kusini "hawaelewi". Wanaambiwa wana saratani, wanaandikiwa rufaa, wanarudi nyumbani na hawaonekani tena mpaka miezi mingi baadaye, wakiwa na maumivu ya mgongo na mpira wa mkojo. Sikubaliani na neno hilo. Ukikaa na mzee wa namna hiyo ukamuuliza taratibu, utagundua anaelewa vizuri sana. Amepiga hesabu, na hesabu imemkatalia.

Tuipige pamoja. Ratiba ya muda mrefu ya mionzi ya tezi dume ni dozi 37 hadi 39. Kwa dozi 5 kila wiki, hizo ni karibu wiki 8, yaani siku 56 za kukaa mjini. Tuseme gesti ya bei nafuu ni Sh15,000 kwa usiku, chakula cha mgonjwa na msindikizaji wake ni Sh20,000 kwa siku, na nauli za mjini ni Sh5,000. Jumla ni Sh40,000 kwa siku. Kwa siku 56 inakuwa Sh2,240,000, na hapo hujaweka nauli ya basi wala dawa. Kama korosho inauzwa Sh2,500 kwa kilo, mzee huyu lazima auze kilo 896, yaani zaidi ya magunia 11 ya kilo 80, kwa ajili ya kulala na kula tu. Wapo wakulima wadogo ambao hawavuni magunia hayo kwa msimu mzima.

Halafu itazame kalenda. Katikati ya mwaka ni wakati wa kupulizia salfa dhidi ya ubwiri unga. Kuanzia Oktoba ni kuokota, kukausha na kupeleka korosho kwenye ghala la chama cha msingi. Mzee akiambiwa mwezi Oktoba aende Dar es Salaam kwa wiki 8, ni sawa na kuambiwa aache mapato ya mwaka mzima chini ya mikorosho. Anapojibu, "Nitakwenda baada ya msimu, daktari," hajibu kwa ujinga. Bahati mbaya ni kwamba saratani haisubiri msimu uishe.

Msindikizaji naye ana maisha yake. Mara nyingi ni mke, au binti mwenye watoto wadogo. Wewe mzazi unajua maana ya kumwacha mtoto wa darasa la kwanza kwa jirani kwa wiki 8. Katika jamii za Wamakonde, Wamakua na Wayao, ambako ukoo kwa asili hufuata upande wa mama, wapwa ndio mara nyingi huitwa kumchangia mjomba na kumsindikiza. Mpwa huyo naye ana shamba, bodaboda au kibanda cha biashara. Wiki 8 zinaweza kumfilisi mtu ambaye hata si mgonjwa.

Na safari yenyewe haina uhakika. Mwezi Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam eneo la Somanga, kusini nzima ilitengwa. Mgonjwa mwenye tarehe ya kuanza mionzi wiki hiyo hakuwa na la kufanya.

Mionzi hufanya nini

Niondoe kwanza hofu. Kupata mionzi ya tezi dume kunafanana na kupigwa picha ya eksirei. Mgonjwa analala juu ya meza, mashine inazunguka kando yake, na hasikii maumivu yoyote. Kwa kawaida anakuwa chumbani kwa dakika 10 hadi 20. Kwa mionzi hii inayotoka nje ya mwili, hatoki akiwa amebeba mionzi ndani yake. Jioni hiyo hiyo anaweza kumpakata mjukuu na kula sahani moja na mkewe bila kumdhuru mtu. Nasisitiza kwa sababu yapo maneno vijijini kwamba anayetoka kwenye mionzi "anachoma" wenzake. Si kweli.

Mionzi huharibu vinasaba vya seli za saratani ili zishindwe kugawanyika. Seli nzima za jirani, hasa za kibofu cha mkojo na za njia ya haja kubwa, nazo huguswa, lakini zina uwezo wa kujikarabati zikipewa nafasi. Ndiyo maana dozi yote haitolewi kwa mkupuo. Mkulima wa korosho hamwagi salfa ya msimu mzima kwa siku moja. Huipuliza kwa awamu. Mionzi nayo ina awamu zake, na awamu ikirukwa, kazi iliyotangulia inapungua nguvu.

Mfano mmoja wa kututia moyo. Mwaka 2001 Nelson Mandela, akiwa na umri wa miaka 83, aligundulika kuwa na saratani ya tezi dume. Alitibiwa kwa mionzi kwa wiki 7. Alifariki Desemba 2013 akiwa na miaka 95. Umri mkubwa peke yake haukuwa sababu ya kumnyima tiba. Tofauti yake na mzee wetu wa Newala ni kwamba Mandela hakuhitaji kuuza korosho ili apate pa kulala karibu na hospitali.

Kilichobadilika tangu wakati huo

Kwa miaka mingi wataalamu waliamini kwamba dozi ndogo ndogo kwa siku nyingi ndiyo njia salama kwa karibu saratani zote. Baadaye ikaonekana kwamba seli za saratani ya tezi dume zina tabia yake: huumizwa zaidi na dozi kubwa kiasi kwa siku chache. Hapo ndipo lilipoanza wazo la kupunguza siku, nalo likapimwa kwa wagonjwa wengi.

Utafiti uitwao CHHiP, ambao matokeo yake makuu yalichapishwa mwaka 2016, ulihusisha wanaume 3,216, wengi wao wa Uingereza. Ulilinganisha dozi 37 na dozi 20. Baada ya miaka 5, katika kila wanaume 100 waliopata dozi 37, kama 88 hawakuwa na dalili ya ugonjwa kurudi. Kwa waliopata dozi 20 walikuwa kama 90. Yaani wiki 4 zilifanya kazi ya wiki 7 na nusu.

Mwaka 2019 wataalamu wa Sweden na Denmark walichapisha matokeo ya wanaume 1,200. Walilinganisha dozi 39 na dozi 7 tu, zilizotolewa kwa muda wa wiki mbili na nusu. Baada ya miaka 5 makundi yote mawili yalikuwa sawa: 84 kati ya 100 hawakuwa na dalili ya ugonjwa kurudi.

Mwaka 2024 yakatoka matokeo ya utafiti wa PACE-B, wenye wanaume 874 ambao saratani yao haikuwa kali sana. Waliopata dozi 5 waliendelea vizuri sawa na waliopata ratiba ndefu: zaidi ya 94 kati ya 100 katika kila kundi hawakuwa na dalili ya kurudiwa baada ya miaka 5. Hata hivyo matatizo ya mkojo yalikuwa mengi zaidi kwa waliopata dozi 5: kama wanaume 27 kati ya 100, dhidi ya 18 kati ya 100 wa ratiba ndefu. Usiambiwe kwamba siku chache hazina gharama yoyote mwilini.

Sasa rudi kwenye hesabu yetu. Dozi 20 ni siku 28 za kukaa mjini: Sh1,120,000, chini ya magunia 6. Dozi 5 zikitolewa ndani ya wiki mbili ni Sh560,000, chini ya magunia 3. Kwa mkulima wa Newala hiyo ndiyo tofauti kati ya kwenda na kutokwenda. Watafiti wa Ulaya walipima nani amepona kati ya wale walioanza tiba. Sisi wa huku tuna kundi jingine la kuhesabu: wale ambao hawakuanza kabisa kwa sababu siku zilikuwa nyingi.

Si kila mgonjwa, si kila mashine

Nisikupotoshe ukadhani kila mwanaume mwenye saratani ya tezi dume anaweza kudai dozi 5. Dozi inapokuwa kubwa, inabidi ilengwe kwa usahihi mkubwa, maana tezi dume hukaa chini ya kibofu na mbele ya njia ya haja kubwa, na husogea kidogo kulingana na mkojo na haja iliyomo. Dozi 5 au 7 zinahitaji mashine inayopiga picha kabla ya kila dozi na timu iliyofunzwa kazi hiyo. Ocean Road ilianza kutumia mashine za kisasa za LINAC mwaka 2018, jambo lililofungua mlango huo hapa nchini. Mashine za zamani za kobalti zimeokoa maisha ya watu wengi na bado zina kazi, ila si za kulenga kwa wembamba wa namna hiyo. Pia mgonjwa mwenye shida kubwa ya kukojoa, au ambaye saratani imetoka nje ya tezi, anaweza kushauriwa ratiba ndefu zaidi.

Vilevile si kila mwenye saratani ya tezi dume anahitaji mionzi. Wapo ambao uvimbe wao ni mdogo na mpole, wanaofuatiliwa tu kwa vipimo. Wapo wanaofaa kufanyiwa upasuaji. Na wapo wazee wengi wenye tezi iliyokua bila saratani yoyote. Kukojoa kwa shida, kuamka mara nyingi usiku au kipimo cha damu cha PSA kilichopanda si hukumu ya saratani. Hata maambukizi ya mkojo au mpira wa mkojo huweza kupandisha PSA. Uhakika hupatikana kwa kuchukua kinyama kutoka kwenye tezi na kukichunguza maabara.

Kwa wengi wanaopata mionzi ya kuponya, kuna pia tiba ya homoni. Ni sindano zinazoshusha homoni ya kiume inayolisha saratani. Kutegemea ukali wa ugonjwa, hutolewa kwa miezi 6 au hata miaka 2 hadi 3, na mara nyingi huanza miezi kadhaa kabla ya mionzi. Hii ni habari njema kwa mkulima. Kwa mgonjwa anayefaa, sindano inaweza kuanza mapema, akavuna korosho zake, kisha akaenda kwenye mionzi tarehe iliyopangwa. Lakini mpango huo uandikwe na daktari wa saratani, si kila mtu ajipangie nyumbani.

Ukishaanza, tarajia kukojoa mara kwa mara, mkojo kuchoma na choo kuwa laini, hasa wiki za mwisho na wiki chache baada ya tiba. Kwa wengi hutulia. Baadhi huona damu kidogo kwenye choo miezi au miaka baadaye, hilo liripotiwe. Nguvu za kiume zinaweza kupungua, kwa sababu ya homoni au ya mionzi yenyewe. Mzee, zungumza na mkeo kabla ya tiba, wote wawili mbele ya daktari. Tumelelewa kuamini kwamba mambo ya mwili wa mwanaume huishia jandoni, na mke hayamhusu. Ugonjwa huu hautibiki vizuri kwa siri.

Saratani ikiwa imefika kwenye mifupa

Wengi wa wagonjwa wetu hufika wakiwa wamechelewa. Saratani imeshafika kwenye uti wa mgongo, nyonga au mbavu, na mzee halali usiku. Familia huambiwa "imeshasambaa", na wao husikia "rudini nyumbani, hakuna la kufanya". Lipo la kufanya, na hapa swali la siku lina jibu zuri kuliko yote.

Kwa mfupa unaouma kwa sababu ya saratani, tafiti nyingi zimeonyesha kwamba dozi moja, ya siku moja, hupunguza maumivu sawa na dozi 5 au 10. Baadhi ya wagonjwa huhitaji kurudia baadaye, lakini kwa mtu aliyesafiri kutoka Masasi, kuondoka mjini kesho yake si jambo dogo. Kama mzee wako amepelekwa mionzi ya maumivu ya mfupa na ameandikiwa dozi 10, una haki ya kuuliza kwa heshima: "Daktari, dozi moja haitoshi kwa hali yake?" Pengine kuna sababu, kwa mfano mfupa unaokaribia kuvunjika au uti wa mgongo unaobanwa. Basi aelezwe sababu hiyo.

Pia kwa ugonjwa uliosambaa, kuondoa korodani kwa upasuaji mdogo hufanya kazi ile ile ya sindano za homoni, mara moja tu, na kwa gharama ndogo kwa jumla. Si uamuzi mwepesi kwa mwanaume yeyote, na hakuna anayepaswa kulazimishwa. Lakini mzee anayekosa sindano kila baada ya miezi kadhaa kwa kukosa nauli anapaswa kuelezwa kwamba njia hiyo ipo.

Jambo moja ni dharura, halisubiri basi la kesho kutwa. Mwenye saratani ya tezi dume akianza kupata udhaifu wa miguu, ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini, au kushindwa ghafla kukojoa au kuzuia haja, huenda saratani inabana uti wa mgongo. Apelekwe hospitali iliyo karibu siku hiyo hiyo: Mkomaindo, Ndanda, Newala, yoyote utakayoifikia kwanza. Aanzishiwe dawa na rufaa iandaliwe. Saa zinazopotea hapo ndizo huamua kama atatembea tena.

Maswali ya kwenda nayo

Chukua kalamu. Siku ya kukutana na daktari wa saratani, muulize haya.

Kwanza, lengo la mionzi hii ni kuponya au kupunguza maumivu? Majibu hayo mawili yana ratiba tofauti kabisa.

Pili, ni dozi ngapi, na je, ipo ratiba fupi inayomfaa mgonjwa huyu kwa mashine zilizopo? Mwambie daktari unatoka wapi. Wengine hukaa kimya, na daktari aliyezoea wagonjwa wa mjini anaweza asikumbuke kwamba huyu amevuka mto Rufiji kuja kwake.

Tatu, dozi ya kwanza ni tarehe gani hasa? Kabla ya mionzi kuna picha ya CT-Scan ya kupanga tiba, na baada ya picha kuna siku za kusubiri wataalamu wapige hesabu zao. Zikiongezwa na foleni, siku hizi za pembeni zinaweza kuzidi za tiba yenyewe. Uliza kama mnaweza kusubiri nyumbani na kupigiwa simu.

Nne, vipimo gani vinaweza kukamilika Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mtwara kabla hatujasafiri? Beba majibu yote: ya kinyama, ya PSA, ya picha. Karatasi moja iliyosahaulika Newala inaweza kukugharimu wiki nzima Dar es Salaam.

Tano, sindano za homoni na kipimo cha PSA cha kufuatilia vinaweza kufanyika karibu na nyumbani?

Sita, bima yetu inafika wapi? CHF iliyoboreshwa imekuwa ikiishia ngazi ya hospitali ya rufaa ya mkoa, kwa hiyo usifike Dar es Salaam ukiitegemea. Muone afisa ustawi wa jamii wa hospitali yako kabla ya kusafiri, si baada ya kuishiwa.

Na kabla ya yote hayo, pimeni mapema. Mwanaume aliyefika miaka 50 azungumze na daktari kuhusu kipimo cha PSA. Kama baba au kaka aliugua ugonjwa huu, aanze akiwa na miaka 45. Hata hizo ratiba fupi za kuponya zinamfaa aliyewahi. Na hapa wanaume wanaweza kujifunza kwa Askofu Desmond Tutu wa Afrika Kusini, aliyekuwa rafiki wa Trevor Huddleston, yule aliyekuwa Askofu wa Masasi kuanzia 1960 hadi 1968. Tutu aligundulika mwaka 1997, akasema hadharani, akahimiza wenzake wapime, na akaishi hadi Desemba 2021, akiwa na miaka 90.

Kwa wenye kupanga

Nimalizie kwa kuwageukia wenzangu na wenye mamlaka, huku wewe msomaji ukisikia, kwa sababu ni haki yako kudai.

Watu wa kusini wanaomba mashine yao, na nawaunga mkono. Lakini mashine ya mionzi si jenereta ya kushusha kwenye lori na kuwasha. Inahitaji jengo lenye kuta nene za zege, umeme usioyumba, mkataba wa matengenezo, daktari wa mionzi, mwanafizikia wa tiba na mafundi wa kuiendesha. Mtwara na Lindi wanajua adha ya umeme wa kukatikakatika. Mashine ikizima katikati ya ratiba, mgonjwa aliyefikisha dozi ya 12 anaumia zaidi ya yule ambaye angepelekwa kwingine tangu mwanzo. Basi ijengwe, ila ijengwe na watu wake.

Wakati tunaisubiri, yapo matatu ya bei nafuu kuliko mashine. La kwanza, ratiba fupi iwe ndiyo ya kawaida kwa kila anayefaa, na ratiba ndefu ndiyo iandikiwe sababu. Kila mgonjwa anayemaliza kwa dozi 20 badala ya 37 anaacha nafasi 17 mezani kwa mwenzake aliye kwenye foleni. Kwa hiyo hata wa Dar es Salaam atanufaika.

La pili, malazi yahesabiwe kuwa tiba. Tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Bima inayolipia mionzi lakini haimpi mgonjwa wa Newala pa kulala imelipia kitu ambacho hawezi kukifikia. Nyumba ya kulala wagonjwa wa mikoani, yenye jiko na vitanda vya wasindikizaji, ingeokoa wanaume wengi bila kununua kifaa kipya hata kimoja. Halmashauri na vyama vikuu vya ushirika vya korosho navyo vinaweza kukaa mezani kulijadili hili. Wagonjwa hawa ni wanachama wao.

La tatu, daktari wa Masasi na Newala aweze kumpigia simu daktari wa saratani kabla mgonjwa hajapanda basi, wakubaliane vipimo, tarehe na idadi ya dozi. Mgonjwa asafiri mara moja, akijua anakwenda kukaa siku ngapi na anarudi lini.

Mzee mwenye tarehe ya kurudi anaweza kupanga nani ataokota korosho zake. Anaweza kumwambia mpwa wake ajiandae kwa wiki 4, na binti yake aombe jirani amwangalizie watoto kwa muda unaojulikana. Asiye na tarehe hiyo atabaki nyumbani, na tutakuja kukutana naye wodini akiwa hawezi kusimama. Kwa hiyo, familia zilizo na rufaa mkononi leo, msione haya kuuliza. Ulizeni siku kwanza, kisha ndiyo shilingi.